Nani Apewe Baiskeli ya Baba Tumsifu?

Sogeeni karibu mnisikie vizuri, na mwenye simu aizime. Leo sikuleta hadithi ya kubembelezea watoto. Nimeleta kesi. Mimi ni mtendaji wa kijiji, mtu ambaye kazi yake ni kuamua, na kesi hii imenishinda. Nitawaeleza yote kama yalivyotokea, bila kumpendelea mtu, kisha ninyi ndio mtakaokuwa mahakama.

Kijijini kwetu Kwemkoye, juu kabisa kwenye mgongo wa milima ya Usambara, kuna watu watatu, na kila mmoja ana jambo analolijua kuliko wengine wote.

Wa kwanza ni Zaina Shemzigwa. Zaina anaijua ardhi. Kwa miaka kumi na minane amekuwa akipanda miti na kufyeka msituni, jua na mvua, na njia akishaipita mara moja wakati wa masika anakumbuka mahali maji yanapolala na mahali yanapopita. Anautazama udongo kama fundi cherehani anavyotazama kitambaa: huu unavuta, huu unachuja, huu ukilowa usiuguse. Ana ulimi mkali pia. Waendesha baiskeli wote wa Kwemkoye anawaona wajinga, na hajawahi kuwaficha. "Mnapita udongo ukiwa umelowa," huwaambia, "mnachora mfereji, mwakani mfereji unakuwa korongo, halafu mnakuja kuniuliza mimi njia imekwenda wapi!"

Wa pili ni Mzee Kiluwa, fundi baiskeli. Kibanda chake kinatazamana na ofisi yangu. Mzee Kiluwa anaijua mashine. Unaisukuma baiskeli hadi mlangoni kwake, na kabla hujafungua mdomo ameshasema, "Gololi za nyuma zimeisha." Hafanyi kazi haraka. Ukimharakisha anaweka spana chini na kukutazama, kimya, mpaka uone aibu uende zako.

Wa tatu ni Yonathani Mbughu, kijana wa miaka ishirini na sita. Yeye hubeba karoti na kabichi kutoka mashamba ya juu kwenda sokoni, magunia mawili juu ya baiskeli isiyo na gia. Yonathani ana miguu, ana pumzi, na moyo wake haujui kuogopa mteremko. Kichwa chake nacho ni kigumu. Hilo mtaliona wenyewe.

Sasa kuhusu baiskeli. Baba Tumsifu, Mungu amrehemu, alikuwa akiwatembeza wageni wanaokuja kuendesha baiskeli milimani, na mmoja wao aliondoka akamwachia ya kwake. Ni baiskeli ya milima hasa: matairi manene yenye meno, gia za kutosha kupandia ukuta, breki za diski. Baba Tumsifu alipofariki, miaka mitatu iliyopita, mkewe aliitundika ukutani chumbani kwake na kusema hakuna mtu atakayeigusa. Hakuna aliyeigusa.

Mtoto wao wa pekee ni Tumsifu, binti wa miaka kumi na miwili. Ana kisukari tangu akiwa na miaka minane. Kila siku lazima achomwe insulini. Na kwa kuwa nyumba yao haina jokofu, mama yake huweka chupa za dawa ndani ya chungu chenye mchanga uliolowanishwa, jikoni, mahali penye ubaridi.

Masika ya mwaka huu yalikuja kama yana hasira na sisi. Siku tisa mfululizo hatukuanika nguo. Siku ya kumi, Jumanne asubuhi, ukuta wa jiko la Mama Tumsifu uliloa ukabonyea, ukaangukia chungu. Chupa mbili za insulini zikasagika ndani ya mchanga. Hazikuwapo nyingine, hata kwenye zahanati yetu.

Mwendesha bodaboda alitumwa papo hapo kwenda kituo cha afya cha Mbaru, upande wa pili wa bonde. Alirudi baada ya saa moja, mwili mzima tope. Mlima umeshuka, alisema, umeibeba barabara kwenye kona kubwa, na mbele yake daraja nalo limekwenda. Nikapiga simu kuomba greda. Nikaambiwa liko njiani. Mchana nikapiga tena, liko njiani. Niliwapigia Mbaru watuletee dawa kwa pikipiki yao. Walijaribu, ikazama hadi ekseli, watu sita wakaivuta kwa kamba. Jumanne yote iliisha hivyo, tukipiga simu na kutazama mvua.

Jumatano asubuhi Tumsifu alikuwa amelazwa kwenye zahanati yetu ndogo. Alikuwa akitapika. Alihema haraka na kwa nguvu kama mtu aliyekimbia, na pumzi yake ilinuka utamu wa ndizi iliyoiva kupita kiasi. Muuguzi alikuwa amemtundikia maji ya dripu, akaniita pembeni.

"Mtendaji, maji haya yanasaidia lakini hayaponyi. Asipopata insulini kabla ya jua kuzama, mimi sitakuwa na la kufanya."

Tulikuwa tumesimama barazani, mimi, Zaina, Mzee Kiluwa na Yonathani. Yonathani alikuwa ameshakaza mkanda.

"Nakwenda na baiskeli," alisema. "Kwa miguu kwenye tope hili mtu atarudi usiku. Napita njia ya mkato ya bondeni, kilomita tisa. Saa moja niko Mbaru."

Zaina akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Ya bondeni ni udongo mwekundu mwanzo mpaka mwisho. Umelowa siku kumi! Utakwenda hatua mia mbili, magurudumu yatajaa, hayatazunguka tena. Utaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba."

"Shangazi, njia hiyo naipita kila wiki."

"Kiangazi! Unaipita kiangazi! Nani amekuambia njia ya kiangazi ndiyo ya masika? Panda juu, ingia msitu wa misindano. Majani yake yamelala chini kama godoro, maji yanapenya. Ukitoka hapo unashika mgongo wa mwamba, kisha unashuka kwenye changarawe hadi Mbaru. Kilomita kumi na sita."

"Kumi na sita!" Yonathani alinigeukia mimi. "Mtendaji, mtoto anakufa, huyu ananizungusha milimani!"

"Mwambie, Mtendaji," akasema Zaina, "kwamba simtumi kutembea, namwonyesha njia inayofika."

Na Mzee Kiluwa, ambaye hakuwa ameulizwa, akasema taratibu, "Njia yoyote ile, kwa baiskeli yako ya kabichi hufiki. Haina breki za kuaminika kwenye maji. Haina gia."

Basi wakaanza upya, wote watatu kwa pamoja, na mimi wa nne nikijaribu kuwanyamazisha kwa kupiga kelele kuliko wao. Ndipo Mama Tumsifu alipotoka ndani.

"Mnabishana udongo?" alisema. Hakupaza sauti. "Mwanangu anahema vile, mnabishana udongo?"

Aliingia mvuani akaenda kwake, akarudi akiisukuma baiskeli ya marehemu mumewe. Vumbi la miaka mitatu lilikuwa likigeuka matope juu ya fremu.

"Chukueni. Atakayemrudisha mwanangu, hii ni yake. Mungu anasikia na ninyi mnasikia. Sasa nendeni!"

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kesi ilipo.

Mzee Kiluwa aliichukua baiskeli akaingia nayo kibandani. Matairi yalikuwa yamekaa chini, kebo zimeshika kutu, cheni imekakamaa kama waya wa uzio. Yonathani alizunguka mlangoni akiuma kucha. "Babu, fanya haraka!" Mzee akaweka spana chini, akamtazama, akaiokota tena. Alibadilisha kebo zote mbili. Alilegeza cheni kiungo kwa kiungo. Aling'oa madigadi ya magurudumu akayatupa pembeni, ili tope lisipate mahali pa kukwama. Alijaza matairi upepo, kisha akautoa kidogo tena, mpaka yalipobonyea chini ya kidole gumba. "Yakiwa magumu yatateleza," alisema. Mwisho akaomba mafuta ya kupikia kwa jirani, akaipaka fremu yote kwa kitambaa kama anayempaka mtoto baada ya kuoga, udongo usishike. Dakika arobaini. Niliziona kama mwezi.

Wakati huohuo Zaina alimkamata Yonathani mkono, akachukua kalamu yangu ya wino mzito na kumwandikia kuanzia kiwiko hadi kiganjani. "Tangi la maji: KULIA, PANDA. Msituni: mizizi ivuke kwa kuikata moja kwa moja, usiipite kwa ubavu. Mwambani: kaa upande unaopigwa na jua la asubuhi, upande wa pili una utando wa kijani, utakuua. Popote ukiona magimbi, maji yamelala hapo, paache." Alimrudishia mkono wake. "Umeelewa?"

"Nimeelewa, shangazi."

"Umeelewa, au unasema tu ili nikuache?"

Yonathani alishika usukani. Saa tatu kasorobo aliondoka.

Kuna kilomita moja ya udongo mwekundu kutoka kijijini hadi kwenye tangi, na hiyo hakuna wa kuikwepa. Aliisukuma baiskeli zaidi ya kuiendesha. Alipofika kwenye tangi njia ikagawanyika. Kulia kulipanda, kulijaa mawe na mizizi. Kushoto kulikuwa tambarare, kumenyooka, kunateremka kwa upole kuelekea bondeni. Mkono ulisema kulia. Yonathani aliutazama mkono, akautazama ule mteremko mzuri, akaenda kushoto.

Mwenyewe ndiye aliyetueleza, kwa hiyo simsingizii. Alikwenda hatua mia mbili, kama alivyotabiriwa. Magurudumu yalianza kunenepa. Udongo ulishika matairi, ukashika fremu juu ya mafuta, ukajaa hadi baiskeli ikasimama kabisa, haiendi mbele wala nyuma. Akaparua kwa kijiti. Akaparua kwa vidole. Akaenda hatua kumi, ikajaa tena. Ikabidi aibebe begani kurudi kwenye tangi, akipanda mteremko unaomrudisha nyuma kila hatua. Anasema alipiga kelele za hasira hadi ndege wakaruka. Nusu saa nzima ilikwenda hapo.

Kuanzia kwenye tangi alifuata mkono. Na hapo, jamani, mpeni kijana sifa yake. Aliupanda ule mlima akiwa juu ya tandiko, mvua ikimpiga usoni. Ndani ya misindano magurudumu yalishika vizuri, akapata mwendo. Mizizi ilikuwa inang'aa kama sabuni, akaikata moja kwa moja. Kwenye mgongo wa mwamba upepo ulitaka kumtupa bondeni. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, kiwiko kikapasuka, maandishi ya Zaina yakachanganyika na damu. Mahali pawili alikuta magimbi, akashuka na kupita kwa mbali. Kwenye changarawe aliachia breki kabisa. Saa sita kasoro dakika kumi alikuwa Mbaru.

Wakampa chupa mbili ndani ya termosi, wakaifunga kwa kitambaa kilicholowa. Wakamwambia akae anywe chai. Alikunywa akiwa amesimama.

Wale wawili aliowaacha nyuma hawakukaa barazani. Zaina alichukua jembe na panga. "Kilomita ile ya mwanzo," alisema, "akirudi amechoka haitamwachia." Alikwenda kwenye udongo mwekundu peke yake, akachimba mikato midogo pembeni ya njia maji yapate pa kutokea, na mahali palipokuwa pabaya zaidi akatandika matawi na majani ya misindano aliyoyabeba kichwani, mzigo baada ya mzigo. Alifanya hivyo kwa saa nne, na mvua haikumpumzisha.

Mzee Kiluwa naye alikuwa na wasiwasi wake. Cheni ile hakuipenda. "Kutu imeingia ndani," aliniambia. "Itamfikisha, sijui kama itamrudisha." Ana miaka sitini na moja na goti bovu. Alitia viungo vya cheni na chombo chake mfukoni, akachukua mwavuli uliochanika, akaanza kutembea kumfuata. Alimpita Zaina akichimba. Zaina akamwambia atavunjika mguu, naye akamwambia Zaina atapata nimonia, wakaachana hapo.

Na kweli, Yonathani alipokuwa akipanda kutoka Mbaru, juu kabisa ya mwamba, cheni ilikatika. Hakuwa na kifaa chochote. Aliisukuma baiskeli akikimbia, kwenye miteremko akiipanda na kuiacha iende, kwenye miinuko akilia machozi, hakutuficha hilo. Alipoingia kwenye misindano, alimwona Mzee Kiluwa amekaa chini ya mti, mwavuli kichwani, chombo kikiwa tayari mkononi.

"Imekatika kwenye gia au kwenye kiungo?" mzee aliuliza, hata salamu hakuna.

"Babu, sijui, imekatika!"

Dakika sita, cheni ilikuwa imeunganishwa. Yonathani akapaa. Alipofika kwenye tangi alijiandaa kushuka na kusukuma, akakuta njia imetandikwa kijani. Akapita juu ya baiskeli, bila kukanyaga chini, kilomita nzima, akimwacha Zaina amesimama kando na jembe, matope hadi kiunoni. Zaina alipiga kelele, "Usipunguze mwendo!"

Saa kumi kasorobo dawa ilikuwa mikononi mwa muuguzi. Alimpigia daktari simu, akapima, akachoma, akasubiri, akachoma tena. Mama Tumsifu alikaa kitandani ameshika mguu wa mwanawe, hakuuachia. Siku ya pili pumzi ilitulia. Siku ya tatu Tumsifu aliomba ugali, kisha akataka kusukwa nywele, na alipokatazwa kwa sababu bado ni mgonjwa, akanuna. Muuguzi akasema, "Mtoto akinuna, amepona."

Laiti ningeishia hapo.

Jumapili Mama Tumsifu aliileta baiskeli ofisini kwangu. "Nilitoa neno," alisema. "Mpe mwenyewe."

"Mwenyewe nani, Mama Tumsifu?"

"Aliyemrudisha mwanangu."

"Ndiyo, lakini nani?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jina langu. "Wewe ndiye mtendaji."

Niliitisha kikao. Yonathani alisimama kwanza. "Dawa ilikuwa mgongoni kwa nani? Nani alianguka mara saba? Waliobaki walikuwa chini, mimi nilikuwa kwenye mwamba na upepo ule. Mngekuwa na njia nzuri na baiskeli nzuri bila mtu wa kuiendesha, mngekaa mkiitazama. Na mnajua ninavyobeba kabichi. Baiskeli kama hii ingenipumzisha mgongo."

Zaina akasimama. "Alikwenda hatua mia mbili tu bila mimi, na hatua hizo zilimla nusu saa. Sasa hesabuni wenyewe kilomita tisa. Angekuwa bondeni mpaka kesho yake, na baiskeli nzuri, na miguu yake mizuri. Kila alipokanyaga salama alikanyaga maneno yangu. Na mimi ninayetembea saa tatu kwenda msituni na kurudi kila siku, baiskeli sihitaji?"

Mzee Kiluwa hakusimama, goti lilikuwa limevimba tangu siku ile. "Ile haikuwa baiskeli," alisema. "Ilikuwa chuma kilichotundikwa ukutani. Niliifufua asubuhi, ikafa mchana, nikaifufua tena. Njia haiendi Mbaru yenyewe. Mwendeshaji bila cheni ni mtembea kwa miguu. Na miguu yangu mimi mnaiona. Nikipewa ile, na gia zake, nitafika kanisani bila kubebwa."

Kijiji kikagawanyika papo hapo. Vijana wa kubeba mizigo wakasema Yonathani. Wanawake wa upandaji miti wakasema Zaina, wakapiga vigelegele kabisa. Wazee wakasema Kiluwa. Kikao cha pili, hivyohivyo. Cha tatu, watu wawili walishikana mashati, na hawakuwa hata ndugu wa wahusika.

Mtu akasema, waitumie kwa zamu. Sawa, nikapanga zamu, siku mbili kila mmoja. Yonathani akaipakia magunia mawili, rimu ikapinda. Zaina akaipokea imepinda, akakataa kumpelekea Mzee Kiluwa aitengeneze kwa sababu atasema ameifufua mara ya tatu. Zamu ya Mzee Kiluwa ilipofika aliifungua yote kuisafisha, na zamu ikaisha vipande vikiwa sakafuni. Juma la pili nilifuta zamu.

Mwingine akasema iuzwe wagawane. Mama Tumsifu alipanda hadi ofisini akiwa na mwiko mkononi. "Baiskeli ya mume wangu siyo nyama ya kukatwa mafungu. Nilisema atakayemrudisha, sikusema watakaogawana."

Nikamwomba basi aichukue mwenyewe, iwe ya Tumsifu atakapokua. Hilo nalo akalikataa. Neno alilitoa mbele ya Mungu, mtoto akiwa anahema, na hawezi kulirudisha kwa sababu eti mtendaji amechoka.

Nilimwendea hata Tumsifu mwenyewe. Alikuwa anasoma barazani. Nikamwambia, "Mwanangu, maisha ni yako. Sema wewe, nani alikurudisha, tumalize."

Alifunga daftari. "Nikimtaja mmoja, wawili watanichukia," alisema. "Na mvua zikija tena nitawahitaji wote watatu. Wewe ungekuwa mimi, ungemtaja nani?"

Nikaaga nikaondoka, mtu mzima mimi.

Na hali ilivyo sasa ndiyo inayonitesa zaidi. Hawasemezani. Yonathani hupeleka baiskeli yake ya kabichi kwa fundi wa kijiji cha pili, anarudi nayo mbovu kuliko ilivyokwenda. Mzee Kiluwa anamwona akipita na gurudumu linalocheza, anafumba macho. Wiki iliyopita mvua ilinyesha siku tatu, Yonathani akamuuliza Zaina njia ipi inapitika. Zaina akasema, "Muulize mwenye miguu." Akazama bondeni na magunia mawili ya kabichi tangu asubuhi hadi alasiri. Watu wazima! Watu ambao siku moja tu, bila kupangwa na mtu, walifanya jambo ambalo kijiji kizima kilishindwa!

Barabara imetengenezwa kwa kumwagiwa kifusi tu, na kila anayeitazama anajua haitavuka masika mengine. Muuguzi ameniambia chupa za Tumsifu zinatosha mwezi mmoja kwa wakati, hawampi zaidi. Kwa hiyo ipo siku atahitajika tena mtu wa kwenda Mbaru kupitia misindano, na sijui nani atakubali kumsaidia nani.

Jana Mama Tumsifu alikuja na neno la mwisho. Nitangaze Jumamosi, hadharani, jina moja. Nisipotangaza, ataitia baiskeli kwenye korongo mbele ya macho yao, ili neno lake lisibaki likielea. Namjua. Ataitia.

Mmewasikia wote. Bila Zaina, Yonathani angekuwa na mashine nzuri iliyozama kwenye udongo. Bila Mzee Kiluwa, angekuwa na njia nzuri na chuma kilichokufa. Bila Yonathani, njia na baiskeli vingebaki vikisubiri mtu, na Tumsifu angesubiri navyo. Na yule Yonathani ndiye pia aliyeupuuza mkono wake mwenyewe kwenye tangi.

Leo ni Alhamisi. Msiniambie "wagawane", nimeshajaribu. Msiniambie "waelewane", nimeshawaomba kwa magoti. Nataka jina moja, na nataka sababu nitakayoweza kusimama nayo mbele ya wale wawili waliobaki.

Haya, mahakama yangu. Baiskeli mngempa nani?